Njia ya Mawe ya Kanga

Zamani mtu wa kwetu aliparamia jabali kwa sababu mbuzi wake amekwama juu. Siku hizi watu huliparamia kwa sababu juu hakuna kitu, na wanalipa ili wapelekwe.

Sisemi hivi kumcheka Zipporah Kambi. Katika majirani zangu wote wa Ganda, ndiye peke yake aliyekuja kuniuliza njia. Wengine hawaulizi. Wanafungua simu, simu inawaambia wageuke kulia, nao wanageuka kulia hata kama kulia kuna shimo la choo.

Alizaliwa mjini Malindi, mtaa wa Maweni, na mama Mgiriama aliyeapa kwamba watoto wake hawatachekwa shuleni. Nyumbani kwao ikawa ni Kiswahili asubuhi hadi usiku. Zipporah akakua na Kiswahili kizuri cha mji, na Kigiriama cha kuombea maji ya kunywa basi. Akaajiriwa hotelini kutandika vitanda vya Waitaliano, akavitandika mpaka Waitaliano wakapungua na hoteli ikafungwa milango. Kufikia hapo alikuwa ameshaolewa huku kwetu. Mumewe ni bawabu Mtwapa, huja mwisho wa mwezi, hulala siku mbili na kurudi. Shamba lao ni dogo, na mvua yenyewe mnaijua ilivyo.

Wifi yake alikuwa amemwekea nafasi Gongoni, kwenye chumvi. Kazi ni kukwangua na kubeba, juani, miguu ndani ya maji makali. Naijua kazi hiyo. Nilikula mkate wake muda mrefu, na nyayo zangu mpaka leo zimepasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Zipporah aliziangalia nyayo hizo kila alipokuja kunijulia hali, nami nilijua anachowaza.

Ndipo akatokea Sana. Huyu ni binti wa Kihindi mwenye duka la dawa mjini, ambaye kila Jumapili hutembea ufukweni na wenzake. Ufuo walikuwa wameuchoka. Walitaka mahali pagumu: kutembea tangu alfajiri hadi alasiri, kupanda majabali kwa mikono na miguu, na kuuona mto Sabaki kutoka juu. Sana alimjua Zipporah tangu siku za hoteli, akamwambia, "Dada Zippy, wewe si unaishi huko? Tupangie. Ikiwa nzuri, kila mwezi tutakuja, na tutawaleta na wengine."

Kila mwezi. Zipporah alikuja kwangu na maneno hayo mawili kama mtu aliyebeba mayai.

"Shikamoo, Babu Hesbon."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Babu, wewe unajua jabali lolote juu ya mto? Gumu, lakini lisiloua mtu."

Nikacheka. Nilimwambia majabali hayakuumbwa na tabia mbili. Lakini nilimweleza habari za Mawe ya Kanga, yaliyo ng'ambo ya mto, mbele ya Kakuyuni, ambako tulipokuwa vijana tulikwenda kutafuta mayai ya kanga kwenye nyufa. Ukifika juu, mto unajikunja chini yako kama mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi. Unawaona viboko, na mamba wamelala mchangani. Ili ufike huko lazima uvushwe kwa mtumbwi, maana mto huo haukanyagwi kwa miguu na mwenye akili.

Nilidhani atatosheka na hapo. Kumbe ndio kwanza ameanza. Alirudi kesho yake na kesho kutwa. Alitaka kujua jua hufika saa ngapi kwenye uso wa mwamba, maana jiwe likishapata moto halishikiki. Alitaka kujua mtu mnene atapita wapi. Aliuliza kama mto unaweza kujaa hali kwetu hakujanyesha, swali ambalo hata wanaume wa huku hawaliulizi, nami nikamwambia ndiyo, mvua ikinyesha bara maji hutufikia sisi tukiwa kwenye vumbi. Akaamua iwe Septemba, mto ukiwa umelegea. Akaenda mwenyewe kwa pikipiki mpaka mtoni, akapima kwa miguu yake. Alisema, "Babu, hotelini nilifundishwa kulala kwenye kitanda kabla mgeni hajakilalia."

Mtumbwi pale mtoni ni wa Kanze, bibi kizee ambaye mwanawe Joram ndiye mvushaji. Zipporah alikwenda kumwomba ruhusa, akamwita Hawe, yaani nyanya, neno moja la Kigiriama ambalo halikumpotea. Mazungumzo yao alinisimulia jioni ile ile.

Kanze alimwambia, "Njooni siku yoyote mnayotaka. Ila siku hiyo moja msije." Akaitaja.

"Ijumaa? Hatuji, Hawe. Ijumaa tumeiacha."

"Vyema. Ndivyo inavyotakiwa. Watu wa mjini siku hizi hawajui hata hilo."

"Mimi najua, Hawe."

Zipporah akarudi amefurahi, lakini na mshangao kidogo.

"Babu, sikujua kuwa Joram amesilimu."

"Joram yupi?"

"Huyo wa mtumbwi. Mamake hataki watu wavushwe Ijumaa."

Hapo mtu mwingine angekaa afikiri. Mimi nililipata la kulalamikia, na nikilipata la kulalamikia huwa sifikiri. Nilisema watu wa leo wanabadilisha dini kama wanavyobadilisha laini ya simu. Zipporah kesho yake akampita Joram kwenye kituo cha bodaboda, akamtolea asalaam aleikum, na Joram akamwitikia waaleikum salaam, kama yeyote wa pwani anavyoitikia, awe wa kanisani au wa mizimuni. Sana naye alipoambiwa kwamba Ijumaa haipo katika mpango alisema, "Umenifikiria, dada. Ijumaa tuna swala." Kila mtu akawa ameridhika. Wakachagua Jumamosi.

Zipporah aliniomba niende nao mpaka mtoni. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kuona, na kwa sababu gari lilikuwa na kiti.

Walikuwa kiasi cha watu kumi. Miongoni mwao alikuwamo Sunil, muuza vifaa vya ujenzi, mtu mpana mwenye utani, aliyevaa viatu vipya vya rangi ya embe bivu. Tulishuka garini kungali na umande, tukaifuata njia ya ng'ombe. Zipporah alitangulia. Alikuwa amempa kila mtu maji yake abebe mwenyewe, na alikuwa amewakataza mikoba ya mkononi, kwa sababu, alisema, huko mbele mikono ina kazi. Nilimwona jinsi anavyogeuka nyuma kuwahesabu kwa macho, na jinsi anavyotembea kwa mwendo wa yule wa mwisho. Hilo halikuwa langu. Sikumfundisha mimi.

Tulipofika ukingoni, mtumbwi ulikuwa nchi kavu, umefudikizwa, na juu yake limewekwa tawi la mti lenye majani mabichi. Joram alikuwa ameketi kando anachonga mpini.

"Joram, mbona mtumbwi umelala?" Zipporah akauliza.

"Leo jumwa."

"Leo Jumamosi, bwana."

"Najua. Ni Jumamosi, na ni jumwa."

Sunil akadakia, "Kama leo ni Ijumaa basi nimefunga duka siku ya kazi bure!"

Watu wakacheka. Zipporah hakucheka. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, na neno hilo nilikuwa sijalisikia tangu mama yangu azikwe.

Wagiriama hawakuwa na juma la siku saba. Lilikuwa la siku nne, na ya nne ndiyo jumwa, siku ya kupumzika jembe. Haina undugu na Ijumaa ila kwa mlio. Inaweza kuangukia Jumanne, wiki inayofuata ikaangukia Jumatano, inatembea kama mbuzi asiyefungwa. Ili uijue ilipo lazima uhesabu bila kukosa, siku baada ya siku, wewe na aliyekuzaa na aliyemzaa yeye. Mimi niliiacha huko Gongoni, ambako tulihesabu kwa Jumapili na kwa king'ora. Wengine waliiacha kanisani, wengine shuleni. Nilidhani hakuna aliyebaki nayo. Na hapa palikuwa na tawi bichi juu ya mtumbwi.

Joram alimvuta Zipporah pembeni. Nilisikia kwa sababu hawakuona haja ya kumficha mzee.

"Dada, mimi sina neno. Mtumbwi ni wa mama. Akishakula mchana hulala. Nitaugeuza polepole, niwavushe pale kwenye mikwaju, hataona."

"Mchana jiwe litakuwa moto."

"Basi nivushe nusu sasa hivi, akiwa ndani."

Zipporah aliutazama mto. Ng'ambo, Mawe ya Kanga yalikuwa yameanza kupata jua, mekundu, karibu kiasi kwamba ungeweza kuyatupia jiwe. Nyuma yake watu wa Sana walikuwa wameanza kutazamana. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba yeye ameamka alfajiri ile si kwa ajili ya kutazama mtumbwi uliolala. Nilimwona Zipporah akishusha macho kwenye miguu yake mwenyewe, na nikajua Gongoni imepita mbele yake.

"Hapana," akamwambia Joram. "Mama yako nilimwambia siku hii tumeiacha. Akanijibu vizuri."

"Lakini hukujua unasema nini!"

"Nilisema."

Akarudi kwa wageni wake akawaeleza yote, bila kujitetea: kwamba aliambiwa jumwa akasikia Ijumaa, kwamba hakuna wa kulaumiwa ila masikio yake, kwamba hawatavuka. Sana alimtazama, akauma mdomo, kisha akaketi chini mchangani akacheka mpaka machozi. "Na mimi nikamshukuru!" akasema. "Nikamwambia kila mtu nyumbani, huyu dada anaheshimu swala yetu!"

"Wengine hatucheki," yule mwanamke akasema.

"Babu," Zipporah akanigeukia, "upande huu hakuna kitu?"

Kilikuwapo. Nilikuwa sikukitaja kwa sababu niliona ni kigumu mno. Juu kidogo ya pale, ukingo wa kwetu unainuka kuwa genge, na genge hilo limepasuliwa na mkondo wa kale uliojaa mawe makubwa. Tulipaita Kwa Wafinyanzi. Wanawake walipita humo na vikapu vya udongo mgongoni, kutoka kwenye ukingo wa mto mpaka juu walikochomea vyungu. Mama yangu alipita humo na mimi tumboni, alivyosema. Siku hizi sufuria na plastiki zimemaliza vyungu, na hakuna aliyekanyaga humo tangu hapo ila nyani.

"Nionyeshe," akasema.

Nilimwonyesha mdomo wa mkondo, magoti yangu yakagoma hapo. Zipporah aliwakalisha watu kivulini, akavua kanga aliyojifunga kiunoni juu ya suruali, akapanda peke yake. Tulimsikia tu: kokoto zinaanguka, kimya, kisha kokoto tena. Alikawia. Sana aliacha kucheka. Aliposhuka alikuwa na mchubuko kwenye kiwiko na uso mwekundu wa vumbi.

"Kunapandika," akasema. "Pana mahali pawili pabaya. Nitasimama hapo mimi. Sikilizeni: mkono mmoja usiachie mpaka mwingine umeshika. Jiwe lolote ligongeni kwanza, likilia kama mtungi mtupu liacheni. Atakayetaka kubaki na Babu, abaki, hakuna aibu."

Aliyebaki ni yule mwanamke mmoja, akaenda kulala garini. Wengine wakaingia mkondoni, Sunil wa mwisho kabla ya Zipporah. Nikasikia sauti yake kutoka juu: "Zipporah mama, jiwe hili na tumbo langu hawajasalimiana!"

"Geuka, shemeji. Mpe mgongo."

"Nimempa. Amenishika!"

"Mguu wako uweke hapa."

"Hapa wapi?"

"Begani kwangu."

"Nitakuvunja."

"Nimebeba magodoro ya Waitaliano. Kanyaga!"

Kikasikika kilio cha furaha cha mwanamume mzima, na kiatu kimoja cha rangi ya embe kikashuka mkondoni kikidundadunda mpaka miguuni pangu.

Kanze alikuwa ametoka ndani kwa makelele hayo. Alikuja akiburuta fimbo, akaketi juu ya mtumbwi wake, akaniuliza ni nani hao wanaolia Kwa Wafinyanzi. Nikamwambia. Akasema, "Wanabeba udongo?"

"Hawabebi kitu. Wanakwenda kutazama."

"Kutazama nini?"

"Mto."

Akaugeukia mto, akautazama, kana kwamba kuna kitu alichokikosa. Nikamuuliza anaihesabuje jumwa, ana alama gani. Akasema hana. Anahesabu tu.

"Na nani mwingine anahesabu?"

"Wewe, si ndiye mtu mzima?"

"Mimi niliacha, Kanze."

"Basi," akasema, akatoa tumbako yake.

Wakarudi chini. Watu waliokuwa wakipiga soga kama chiriku walikaa kando ya mto wakanywa maji yao. Sana alimwambia Zipporah maneno machache tu, kwamba wiki nne zijazo watarudi, na kwamba Mawe ya Kanga wanayataka bado, ila Kwa Wafinyanzi wanapataka zaidi. Siku ile ile Zipporah alimpigia simu wifi yake amwambie nafasi ya Gongoni ampe mwingine.

Tangu hapo hakupanga siku bila kwenda kwa Kanze kwanza. Siku isiyo jumwa waliwavusha watu. Siku ya jumwa waliwapandisha Kwa Wafinyanzi. Baadaye akajifunza kuhesabu mwenyewe. Aliiweka kwenye simu, kila siku ya nne rangi nyekundu, na alikuja kunionyesha kwa furaha. Nilimwambia jambo ambalo mama zetu walilibeba kichwani yeye amelitia kwenye kidude kinachoishiwa na moto. Akanijibu, "Babu, kichwani kwako limo?" Nikamtuma aniletee maji.

Miezi ile watu waliongezeka. Wakaja wa Watamu, wakaja wa Kilifi. Sana akawa anawaambia wageni habari za jumwa kama kwamba alizaliwa nayo, na wageni wakawa wanaomba waletwe siku ya jumwa hasa, wapige picha mtumbwi na tawi lake. Sikupenda. Tawi halikuwekwa pale lipigwe picha. Lakini pia niliona kuwa kila mara tawi lilikuwa bichi, na kwamba aliyelikata sasa ni Joram mwenyewe, bila kuambiwa.

Mwezi wa Disemba Kanze aliugua homa. Alilala hata watu wakaanza kuja kulala kwake, kama msibani. Akapona, kama wazee wanavyopona, nusu. Machi, kabla ya mvua, Zipporah alinichukua tena kwenda mtoni. Wakati huo binti yangu Janet alikuwa ameshaamua kunihamishia kwake, Dabaso, kwa sababu siwezi tena kujichotea maji, na nilitaka kuuona mto kabla sijapelekwa kuzeeka kando ya mikoko.

Ilikuwa siku ya kuvuka. Jumwa ilikuwa jana yake. Mtumbwi ulikuwa majini, Joram ameshika upondo, wageni wawili wameshaingia na kuketi. Kanze akatoka na fimbo yake.

"Nani amegeuza mtumbwi? Leo jumwa!"

"Mama, jumwa ilikuwa jana," Joram akasema.

"Jana sikuwepo? Nilihesabu mimi. Leo jumwa."

Joram akamtazama Zipporah. Zipporah alikuwa na simu mkononi, na siku nyekundu ndani yake ilikuwa jana, niliiona. Akaizima, akaitia mfukoni.

"Ni jumwa, Hawe," akasema. "Tumekosea. Joram, utoe majini."

Wale wageni wawili wakashuka. Mtumbwi ukavutwa, ukafudikizwa, Joram akaenda kutafuta tawi. Nikamsogelea Zipporah.

"Ulijua si leo."

"Nilijua, Babu."

"Na kuanzia sasa?"

"Tutahesabu kutoka leo."

Nilitaka kumwambia kwamba hesabu hiyo ilikuwa haijakatika tangu watu wetu washuke kutoka Shungwaya, na kwamba sasa imeruka siku moja kwa ajili ya homa ya kikongwe. Lakini nani angenisadiki? Na huenda iliruka zamani pia, kwa homa ya kikongwe mwingine, na mwanamke mwingine aliyekuwa na adabu. Wa kumuuliza hayupo.

Akajifunga kanga kiunoni, akawaita watu wake, wakauelekea mkondo. Mimi niliketi na Kanze juu ya mtumbwi. Macho yake hayakuwa yakifika mbali tena. Kokoto zikaanza kuanguka, kisha kimya, kisha sauti ya Zipporah ikimwambia mtu asiachie.

"Wamefika?" Kanze akaniuliza.

"Bado."

Baada ya muda akauliza tena. Nikainua macho. Zipporah alikuwa amesimama juu kabisa ya genge, anamvuta mtu wa mwisho kwa mkono, na nyuma yake anga tupu.

"Wamefika," nikamwambia, na Kanze akafumba macho, mikono yake juu ya fimbo. Hivyo ndivyo nilivyowaacha, na sijawaona tena.